Tulimpumzisha mama: kisa cha Kibirizi

Nimefanya kazi ya maendeleo ya jamii miaka thelathini na kitu, mingi nimeifanyia mkoani Tabora, na kwenye hiyo kazi visa nimeandika vingi sana vya kaya za watu wengine, unakaa na daftari kwenye kigoda cha mtu unauliza maswali, unarudi ofisini unaandika mhusika nani, hali ikoje, hatua gani zilichukuliwa, matokeo. Hiki sijawahi kukiandika maana mhusika ni mama yangu mzazi na hatua zilizochukuliwa nilizichukua mimi. Naandika sasa kwa sababu mwakani mwezi wa tatu natimiza miaka 60, nastaafu kwa lazima, na kila nikikaa na wenzangu tunaokaribia kutoka naona tunaelekea kujifanyia yaleyale niliyomfanyia mama, tena tukiwa na furaha kabisa.

Mama kitambulisho chake kinasema amezaliwa 1947, mwenyewe anasema waliandika tu. Ni Mmanyema wa Ujiji, ameolewa akaja Kibirizi, ufukweni hapo kaskazini mwa mji wa Kigoma, baba alikuwa kuli bandarini. Kuanika dagaa alianza 1978, mwaka naukumbuka maana nilikuwa darasa la tano na ndo mwaka tulioanza kula wali siku ambayo sio ya sikukuu. Ada, sare, bati za nyumba, nauli yangu ya kwanza kwenda chuo Tengeru kule Arusha, vyote vimetoka kwenye dagaa. Baba alifariki 2006. Watoto tupo watano na wote tumetawanyika, mimi Tabora, wawili Dar, mmoja Mpanda, na mmoja Kasulu ambaye ndo wa karibu ila ni mwalimu, asubuhi mpaka jioni yuko shule.

Sasa ili kisa kieleweke lazima nieleze kazi yenyewe kidogo, maana anayekula dagaa wa Kigoma akiwa Dar au Mwanza anaona tu samaki mdogo mweupe kwenye sado. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na za sola, taa inawaita wanapanda juu, wavu unawakusanya. Mwezi ukiwa mkubwa taa haina nguvu, dagaa wanatawanyika, kwa hiyo mbalamwezi ikiingia boti zinalala siku kadhaa, giza likirudi kazi inaanza upya. Mama hajawahi kuwa na kalenda ukutani. Deni alikuwa anakopa "mpaka giza lijalo", harusi anauliza kama imeangukia mbalamwezi au giza, hata mimi nilivyomwambia naoa alihesabu kwanza kwa vidole ndo akashangilia. Kwenye giza anaamka saa kumi, anaswali mapema, saa kumi na moja yuko mwaloni, pale ufukweni boti zinaposhusha dagaa, na beseni, na saa kumi na moja ya Kigoma bado ni usiku kabisa kwa sababu jua huku linachelewa kuliko Dar. Wanawake wanasimama wanasikiliza injini. Mama alikuwa anajua boti ya nani inakuja kwa mlio wake kabla taa haijaonekana.

Halafu kuanika. Dagaa akimwagwa juu ya chanja, ile meza ya mbao na wavu ya kuanikia, lazima atawanywe, wasilaliane, jua likipanda anageuzwa, baadaye anageuzwa tena, mchana mkubwa unaanza kumpima. Wengi wanampima kwa kumkunja, akipinda bado, akikatika kat amekauka. Mama alikuwa hakunji. Alikuwa anachota konzi moja anaitikisa karibu na sikio, kama mtu anayesikiliza saa, na waliokauka sawasawa wanalia kama mchele kwenye ungo, wakiwa bado wana maji katikati sauti inakuwa nzito. Hilo la sauti sijaliona kwa mtu mwingine. Sisi watoto tulijaribu tukashindwa.

Mwezi wa tano 2021 aliteleza kwenye mawe na beseni kichwani akaangukia nyonga. Mfupa haukuvunjika, alipata maumivu ya wiki tatu nne. Ila kwenye grupu letu la familia la WhatsApp ilikuwa kama tumepata ruhusa tuliyokuwa tunaisubiri. Mdogo wangu wa Dar aliandika, mama amehangaika inatosha, sasa zamu yetu. Wote tukaitikia. Na nataka ieleweke kwamba tulimaanisha, hakuna aliyekuwa anajionyesha, mimi niliisoma ile meseji nikiwa ofisini nikalia. Tukapanga michango ya kila mwezi, tukaweka marumaru, tukajenga choo cha ndani, tukanunua tivii na king'amuzi, tukatafuta dada wa kazi na kumpa maagizo kwamba bibi asiguse maji ya baridi wala asikae na moto wa kuni, apumzike.

Mimi nikapanda treni kutoka Tabora nikaja kumalizia. Niliuza chanja zake zote nne, mbao na nyavu zake, mabeseni sita na turubai mbili, na nafasi yake pale mwaloni nikamwachia mama mmoja kijana aliyekuwa anaanza. Hela nikaifunga na mpira nikampelekea mama nikiwa nacheka. Akaipokea kwa mikono miwili, akasema ahsante baba, Mungu akuongezee, akainua godoro akaiweka. Nikarudi Tabora nimeridhika.

Mwezi wa kwanza alikuwa anapokea wageni, anawaonyesha choo. Mwezi wa pili wageni wakapungua, na ni kawaida, wanawake wa mwaloni wakati wa giza hawana muda wa kutembeleana na wakati wa mbalamwezi wanalala. Ilipofika mwisho wa mwaka dada wa kazi akawa ananiambia kwenye simu, bibi leo hajaoga mpaka saa saba, bibi leo kaniuliza ni siku gani mara nne, bibi chakula anaonja tu. Akawa anapungua. Presha ikapanda. Ukimpigia anakuuliza watoto hawajambo, baada ya dakika mbili anakuuliza tena. Tulimpeleka hospitali, wakapima vipimo vyote vinavyopimika, wakatupa dawa za presha na kusema mengine ni umri. Sisi tukalishika hilo neno umri tukalikumbatia kwa sababu halina mtu wa kulaumiwa.

Dada yangu akamchukua Dar miezi miwili, katikati ya 2022. Flati ghorofa ya tatu, safi, lifti hamna ila hatoki kwa hiyo haikuwa shida. Siku moja usiku dada anamkuta mama kasimama dirishani anainamisha shingo anatafuta kitu juu katikati ya maghorofa. Akamwambia, huku mwezi unaonekania wapi? Dada alinisimulia hilo kama dalili ya kuchanganyikiwa, na mimi nikaandika kwenye daftari langu hivyohivyo, "ameanza kuchanganyikiwa". Ninalo daftari hilo mpaka leo. Mtu wa miaka sabini na tano, ambaye kwa miaka arobaini na tatu mwezi ndo ulikuwa unamwambia kesho ataamka saa ngapi, anauliza mwezi uko wapi, na afisa mwenye diploma anaandika amechanganyikiwa.

Disemba ile nikachukua likizo nikaja Kibirizi kukaa naye wiki tatu. Usiku mmoja katikati ya giza niliamka kama saa kumi na nusu nikasikia kitasa. Nikatoka. Mama kakaa barazani kwenye mkeka, amevaa kamili, kanga moja kiunoni kaikaza kama alivyokuwa anakaza zamani, kanga nyingine kichwani, tochi mapajani haijawashwa. Nikamuuliza mama unaenda wapi saa hizi. Akasema siendi, boti zinarudi. Na kweli kwa mbali zilikuwa zinasikika. Nikamjibu, na nilijibu kwa upole kabisa, sasa mama zinarudi, wewe zinakuhusu nini? Akanyamaza. Injini zikawa zinakaribia moja baada ya nyingine, watu wanaanza kuitana kule chini. Akasema, kweli baba, hazinihusu. Akainuka taratibu kwa kushika nguzo akaingia ndani.

Sikulala tena. Mpaka leo sijasikia sentensi iliyonifikia kama ile, na niliyemtoa ile sentensi mdomoni ni mimi.

Kilichofuata hakikutokana na akili yangu, nataka niwe mkweli kwenye hili maana kwenye ripoti zetu tunapenda kuonyesha kwamba afisa aliingilia kati na mambo yakanyooka. Zilikuwa zimebaki siku nne niondoke, mvua zinanyesha kila baada ya siku mbili, yule mama kijana niliyemwachia nafasi mwaloni akaja nyumbani asubuhi na dagaa wachache kwenye kipande cha khanga. Mimi ndo nilikuwa mlangoni na nilikaribia kumwambia bibi siku hizi amepumzika. Mama akaita kutoka ndani nani huyo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu, za mwaloni?"

"Mwaloni kubaya bibi, dagaa wananigeukia rangi, wiki ya pili hii, sijui nakosea wapi."

Mama akachukua mmoja akamnusa, akamvunja, akamtazama katikati. Akauliza mvua ya juzi iliwakuta wapi. Akajibiwa juu ya chanja, nikawafunika turubai haraka. "Wakiwa na joto la jua?" Ndiyo bibi. "Basi umewapika mwenyewe. Wingu likisimama juu ya milima ya Kongo bado una muda, usikimbilie kufunika, watandaze wapoe kwanza, na turubai usiilaze juu yao, iinue na miti upepo upite." Halafu akamuuliza anageuza mara ngapi, akamuuliza mbao za chanja alinunua kwa nani, akamuuliza bei ya beseni siku hizi, akashtuka, akamuuliza tena. Walikaa kama saa nzima. Katika ile saa mama hakurudia swali hata moja ambalo alishajibiwa, ile bei aliirudia kwa kushtuka tu, na mimi niliyekuwa nimekuja na wazo la kumtafutia daktari wa kusahau nilikuwa nimekaa pale nahesabu.

Mchana akala ugali na mgebuka akamaliza. Kesho yake akamtuma dada wa kazi amtafutie fimbo, wakashuka wawili mwaloni, taratibu, kwenye yale mawe niliyokuwa nayaogopa. Alirudi saa sita ananuka dagaa.

Mpaka mwezi wa pili 2023 alikuwa amewekewa kiti cha plastiki karibu na chanja na kazi yake ikawa moja tu, kutikisa. Kabla gunia halijafungwa bibi anapelekewa konzi, anasikiliza, anasema funga au anasema bado. Wakaongezeka wengine wawili watatu wanaomletea. Wakati wa kufunga anapewa dagaa wa mboga, wakati mwingine hela kidogo. Hata wanunuzi wakawa wanauliza hawa bibi ameshawatikisa?

Na sisi watoto tukakasirika! Hapa ndo pa kukaa kidogo maana naona ndo kiini. Dada yangu wa Dar alinipigia usiku analia, ameona picha kwenye status ya mtu, mama yupo mwaloni kwenye kiti cha plastiki, miguu ina vumbi, kaka watu watasema tumemtelekeza mama anaombaomba dagaa. Tulibishana grupu zima siku tatu. Ukizisoma zile meseji leo, na nimezirudia juzi, neno "watu watasema" au ndugu zake limeandikwa mara nyingi sana, neno la kuuliza mama mwenyewe anasemaje halipo kabisa, si kwangu si kwa mwingine. Kumbe zile marumaru na king'amuzi kwa kiasi fulani zilikuwa zinatupumzisha sisi. Mzee aliyekaa ndani msafi ni cheti chako kwa majirani kwamba wewe ni mtoto mwema. Mzee mwenye vumbi la mwaloni anakunyima hicho cheti.

Nikatumwa mimi kama mkubwa niende nikamkataze. Mwezi wa tatu nikafika, nikaanza na maneno marefu ya afya na heshima. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Akaingia chumbani, nikasikia godoro linainuliwa, akarudi na ile hela. Imefungwa na mpira uleule, mpira umeshaanza kukauka, hajachomoa hata noti moja, miaka karibu miwili. Akaiweka mbele yangu kwenye mkeka.

"Hela yako hii hapa baba. Nirudishie chanja zangu."

Nilikuwa na miaka 57, nina wajukuu, nilijisikia kama mtoto aliyevunja chungu. Hela ile haikutosha tena chanja nne kwa bei ya mbao ya mwaka ule, nikaongezea, tukapata mbili. Anayezifanyia kazi ni yule mama kijana, na kila gunia mama anapata sehemu yake, walikubaliana wenyewe, mimi sikuulizwa.

Sasa nichambue kama nilivyofundishwa. Kuna jaribio moja tulisomeshwa kwenye semina zamani, nililikariri kwa ajili ya mtihani. Mwaka 1976 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Ellen Langer na Judith Rodin, walitoa matokeo ya kazi waliyoifanya kwenye nyumba moja ya wazee jimbo la Connecticut. Wazee wa ghorofa moja waliambiwa maisha yenu humu mnayaamua wenyewe, chumba upange utakavyo, na kila mmoja akapewa mche wa kwenye kopo autunze mwenyewe. Ghorofa nyingine nao walipewa mche ila wakaambiwa wauguzi watamwagilia, na kwamba wafanyakazi wapo kuhakikisha mnafurahi. Huduma zilikuwa nzuri kotekote. Baada ya wiki tatu wale wa kumwagilia wenyewe walikuwa wachangamfu zaidi, wanatembeleana zaidi, na wauguzi ambao hawakujua jaribio linahusu nini waliwaona wamebadilika. Nilipata maksi nzuri kwenye swali hilo. Miaka ikapita, nikamjengea mama yangu ile ghorofa ya pili kwa mikono yangu, na dada wa kazi nikamkabidhi kopo la kumwagilia.

Nchi yetu ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, inasema mzee ni wa miaka 60 na kuendelea, na inamtambua kama hazina kwa maendeleo. Kwenye kazi yangu nimeitekeleza upande mmoja tu, vitambulisho vya matibabu bure, kuwaandikisha, kuwafuatilia wanaotuhumiwa uchawi kwa sababu ya macho mekundu ya moshi wa jikoni, na hizo ni kazi kubwa, zingine zinaokoa uhai, sizidharau. Ila upande wa hazina sikuwahi kujua niufanye nini. Tunasema penye wazee haliharibiki neno, halafu mzee mwenyewe tunamkalisha mahali ambapo hakuna neno lolote linaloweza kuharibika, akiwepo au asipokuwepo siku inaisha vilevile. Mapenzi mama alikuwa nayo tele kwenye ile nyumba ya marumaru. Kilichokosekana ni mtu ambaye kazi yake ingekwama kama mama asingeamka.

Hili lilinikaa vizuri 2024. Serikali ilifunga uvuvi ziwa Tanganyika miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana. Hakuna boti, hakuna dagaa wa kutikisa, nikasema sasa tunarudi kulekule, nikaanza kupiga simu kila siku. Simu hazipokelewi. Kumbe wale wanawake walikuwa na kikoba chao, kikundi cha kuweka na kukopeshana hela, na kipindi kile ndo kilikuwa kinawashika, hela ya chakula inatoka humo, wanakutana kila Alhamisi saa kumi jioni barazani kwa mama kwa sababu ndo penye kivuli na choo cha ndani. Wanaojua vikoba wanajua sanduku lina makufuli matatu na funguo wanashika watu watatu tofauti, mmoja asipokuja sanduku halifunguki. Mama wakampa ufunguo mmoja. Hajui kusoma, hisa za watu anazikumbuka kichwani kuliko katibu anavyoziandika, na ufunguo kaufunga kwenye pindo la kanga fundo dogo kama la hirizi, hata akienda kuoga anatoka nalo. Alhamisi moja alikuwa na homa akapitiwa na usingizi, saa kumi na dakika kumi wanawake watatu walikuwa chumbani kwake. Walikuja kufuata ufunguo, wakamkuta anatetemeka, wakampeleka zahanati. Dada wa kazi alishamuona toka mchana akaacha alale, kwa sababu sisi tulimfundisha kwamba bibi kulala ni vizuri.

Nisije nikaeleweka kwamba mama amekuwa kijana. Bado anasahau, majina ya wajukuu anayachanganya, hadithi ya baba na kontena lililodondoka bandarini nimeisikia mara zisizohesabika. Dawa za presha anameza kila siku na sina shaka nazo zimesaidia, siwezi kusema kiti cha plastiki peke yake ndo kimefanya yote. Januari hii aliugua mapafu akalazwa wiki nzima na mimi nilijiandaa kwa lolote.

Na kuna siku alikosea. Mwaka jana baada ya ziwa kufunguliwa alitikisa akasema funga, gunia likaenda, likarudishwa lina ukungu, hasara yote kwa yule mama kijana. Sikio lake la kulia limepungua. Niliposikia nilitaka nimpigie yule binti nimuombe asimwambie, nitalipa mimi. Nikachelewa, alishamwambia zamani, mbele ya wenzie, bibi hili ulisema limekauka. Mama aliumia, siku mbili hakushuka mwaloni. Siku ya tatu wakaja kumfuata, wakakubaliana kwamba kuanzia sasa anatikisa yeye halafu mwingine anakunja, wakitofautiana dagaa wanarudi juani. Hilo limenifundisha kuliko yote. Sisi tulikuwa tunamficha kila kitu, mtoto akifeli tunamficha, mtu akifa tunachelewesha, eti presha. Wale walimpa hasara yake mkononi kama wanavyopeana wao kwa wao, na yeye akaibeba. Ukishakuwa mtu ambaye hawezi kuambiwa amekosea, ujue wameshakutoa kwenye kazi siku nyingi.

Kwa upande wangu mimi, ofisini wanaokaribia kutoka mada ni moja, kikokotoo, ile hesabu ya mafao ya kustaafu. Julai 2022 mkupuo, yaani hela unayopewa kwa mara moja ukistaafu, ukawa asilimia 33, mwaka 2024 waliokuwa zamani wanapata 50 wakapandishiwa kutoka hiyo 33 ikawa 40, kila mtu ana karatasi yake kwenye droo, anapiga hesabu anafuta. Ni haki yao, hela ya uzee si ya kuchezea na mimi yangu nimeipiga mara nyingi. Lakini katika vikao vyote hivyo sijasikia mtu anauliza, Jumatatu ya kwanza saa mbili asubuhi nani atakuwa ananisubiri. Tunasema nitapumzika. Mmoja kasema atakaa kivulini chini ya mwembe wake aangalie magari yanapita, wote tukacheka kwa wivu, na nilipokuwa nacheka nilimuona mama na tochi yake mapajani haijawashwa.

Watoto wangu wameshaanza. Wa kwanza kanitumia picha za makochi ya kulalia yanayokunjuka. Baba umehangaika inatosha, ameandika, na nikiangalia ni kama kanakili ile meseji ya shangazi yake ya 2021, na najua anamaanisha kila herufi kama sisi tulivyomaanisha. Bado sijamjibu. Sitaki kumuumiza na sitaki kochi.

Juzi nikampigia mama nikamwambia mwakani namaliza kazi, nafikiria kurudi Kibirizi. Nilitegemea afurahi au alie. Akauliza utakuja kufanya nini. Nikasema sijajua bado, nitakaa na wewe. Kukawa kimya, nyuma nasikia watu wanabishana bei na mtu anakohoa, halafu akasema mimi sikai baba, labda unikute usiku. Akaongeza kwamba wameongeza chanja, sasa zipo tatu, na ile ya tatu fundi kaipiga ovyo mguu mmoja unacheza, kama nakuja nije na misumari ya inchi tatu kutoka Tabora na nyundo ile ya baba ambayo niliichukua mwaka wa msiba sijairudisha. Nikamuuliza nije lini. Akasema njoo mbalamwezi, kwenye giza hapa hakuna mtu wa kuongea na wewe, akakata.

Nyundo nimeipata, ilikuwa stoo chini ya majembe, mpini umeoza. Nimempelekea seremala wa hapa mtaani auwekee mwingine.